Kijembe

Łódź, katika lugha yetu, maana yake ni mashua:
mashua iliyokwama nchi kavu, mbali na pwani
saa nne za treni, kama reli haijaganda.
Bahari tuliyo nayo ni lita mia nne
sebuleni, ghorofa ya tano, juu ya meza ya chuma
ambayo kaka yangu Wit aliichomelea mwenyewe.
Chumvi naipima kwa mizani ya jikoni.
Nakoroga kwa mwiko uliokuwa wa kabichi.

Wit alifariki Februari. Aliniachia
funguo, deni la umeme, na kangaja mmoja
wa zambarau, mkia njano, na ubavuni mwa mkia
kijembe, cha kukunjua na kukunja
kama wembe wa kinyozi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
methali hiyo haikuwahi kufika majini.

Tasi wa kwanza nilimnunua kwa Pękala, nyuma ya kituo.
Hakumaliza usiku.
Wa pili alijibanza kando ya pampu siku tatu,
mapezi yamechanika
kama bendera za sikukuu iliyopita.
Wa tatu aliruka nje. Nilimkuta zuliani asubuhi,
mkavu, jicho limeielekea runinga.

"Mawe umeyahamisha?" akauliza Pękala.
Sikuwa nimeyahamisha.

Basi Jumamosi nikapandisha mikono ya sweta,
nikazama hadi kwapani.
Pango lake nikalipeleka kushoto,
upinde nikaulaza, mlango nikaugeuza dirisha,
nikaivuruga nyumba nzima ili mwenye nyumba
naye awe mgeni.
Alinikata mara mbili, kwenye kifundo cha mkono.
Damu ikapanda majini taratibu,
uzi mwekundu uliokatika mtamboni
enzi viwanda vyetu vikifuma.

Kisha nikazima taa. Mfuko ukaelea.
Tone kwa tone, kwa mpira mwembamba wa hospitali,
maji yetu yakaingia katika maji yao,
saa moja na nusu, nami nimeketi sakafuni
nikihesabu kama nilivyohesabu vituo
miaka ishirini na tisa, nikiendesha tramu.
Watatu safari hii, kwa mpigo mmoja:
ghadhabu ikigawanywa,
kila mtu atapata kipande kinachomezeka.

Na kioo. Kile cha Wit cha kunyolea ndevu,
chenye povu kavu pembeni ambalo sijalifuta.
Nikakiegemeza nje ya ukuta wa maji,
upande ulio mbali na wageni.
Kangaja akamwona.
Zambarau vile vile, jeuri vile vile,
kijembe kwa kijembe!
Siku nne hakula sawasawa.
Akampigia mkia, akamwonyesha ubavu,
akarudi nyuma, akamrudia,
na yule hakukimbia hata mara moja.
Nyuma yake wageni wakajifunza
mawe, mkondo, saa ya chakula.

Siku ya tano nikakiondoa.

Sasa wanakula pamoja. Huwatishia kidogo,
kwa desturi tu, kama mlinzi anayekohoa getini.
Lakini jioni, taa zikigeuka samawati,
huiendea pembe ile ile,
husimama, ubavu wazi, kijembe nje,
akingoja.

Nami naosha kikombe changu kimoja.
Miaka kumi na sita, mimi na Wit
hatukuwa na mlo usio na vijembe:
juu ya chumvi, juu ya wosia wa mama,
juu ya nani, Bogumiła, nani
kaacha dirisha wazi tena.
Leo nimeliacha wazi.
Theluji inaingia mpaka zuliani,
na hakuna anayesema kitu.