Umeiziba Pua

Umenijia Kizota na kreti mbili za zabibu,
rushwa ya kindugu, nakujua, Sechelela.
Unataka niifungie tabo pikapu hii.
Unasema Sekenke ilikuaibisha:
lori la vitunguu lilikupita mlimani,
dereva akapiga honi, utingo akakupungia kitambaa.

Ngoja. Fungua boneti. Sogeza sikio.

Injini hii haina wa kuipulizia.
Pistoni inashuka, nyuma yake panabaki upungufu,
na hewa yote ya Dodoma,
ile inayolala juu ya mabati na migongo yetu
wala hatuusikii uzito wake,
inasukumana mlangoni, inaingia.
Watu husema injini inavuta.
Haivuti, dada. Inatoa nafasi tu,
anga ndiyo inayosukuma.
Kisha mlango unafungwa, pistoni inapanda,
hewa na petroli vinabanwa hadi vinachukiana,
plagi inatema cheche,
pwaa! gari limepata hatua moja.
Moshi nje. Nafasi tena.
Kabla hujamaliza kutamka Nkuhungu
imeshafanya hivyo mara sabini.

Tabo ni habari nyingine.
Ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa eksozi,
linashindilia hewa
kama fundi magodoro anavyoshindilia sufi.
Nguvu, ndiyo, utazipata.
Lakini Malogo wa Nala alifunga ya mtumba,
ikanywa oili kuliko yeye alivyokunywa ulanzi,
na akikanyaga mafuta, gari linawaza kwanza,
linajikusanya, ndipo linaruka, abiria wanagongana vichwa.
Hii yako ukiigusa, inaitika.
Ukiizima, imelala. Haina madeni.
Mabomba machache, joto kidogo,
kijana wangu Ndahani anaifungua na kuifunga
kwa spana sita na redio ikiimba.

Sikudanganyi lakini.
Hapa tuko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka baharini,
hewa imepungua unene.
Injini iliyonguruma Kibaha
ikifika huku inanguruma kwa adabu.
Kila kilima kinaikata posho,
na joto la Oktoba nalo linachukua lake.
Ukitaka nguvu zaidi bila tabo
uwe na silinda pana, au uizungushe mpaka ilie,
na yote mawili yanalipiwa kituo cha mafuta.
Ndivyo ilivyo. Inapewa na anga,
haiwezi kuiambia anga, ongeza.

Sasa nipe hiyo bisibisi.
Tuone.

Haya! Angalia mwenyewe chujio lako la hewa:
vumbi jekundu la Mvumi, misimu mitatu,
maganda ya karanga,
jani la mzabibu,
na nyigu amejenga chumba na sebule.

Mlima haukukuonea, Sechelela.
Umeiziba pua, kisha unaitukana kwa kuhema.

Chujio jipya, elfu kumi na tano.
Kazi yangu, nimeshaila, tamu, ila mbegu nyingi.
Washa. Unasikia?
Usiniambie husikii.

Nenda na mzigo wako Nzega.
Ukifika Sekenke, giya namba mbili, usiibembeleze.
Lori la vitunguu litakupita tena, hilo nakuahidi.
Safari hii
mpungie wewe.