Nafuu

Kila Jumatatu, jua halijapanda mapaa ya Jang'ombe,
nachukua brashi, kopo la rangi nyeusi na ngazi ya kuazima,
nakwenda kubadilisha namba.

LENGO: NYUMBA MIA SITA.
Hiyo haiguswi. Aliichora mwenye hati nzuri,
akalipwa, akenda zake.
Yangu ni ya chini: ZILIZOKAMILIKA.
Naijua kama mama ajuavyo kilo za mwanawe kwenye kadi ya kliniki:
arubaini na nane, sabini, mia na tatu,
kisha masika yakaingia, saruji ikakwama bandarini,
mia na tatu, mia na tatu,
wiki kumi na moja napaka juu ya namba ileile
ili angalau ing'are.

Mwezi wa Rajabu ikafika mia mbili na kumi na nne.
Wiki ya pili naambiwa: rudisha, kumi na moja,
ngazi za mlango wa tatu zina ufa wa kuingia kidole.
Nikafuta nne, nikaweka moja.
Vijana wa maskani wakacheka:
"Kumbe na nyumba huharibika mimba?"

Jirani yangu Mize Machano huuza mikate ya ufuta.
Jina lake la kumi na tisa kwenye daftari la sheha,
la kumi na tisa tangu daftari lina harufu ya duka.
Alipoitwa, akaulizwa karatasi ya mshahara.
Akafunua kawa, akatoa mkate ungali moto.
"Karatasi yangu hii. Ina mihuri pande zote mbili."
Karani akala. Akasema mtamu.
Akaandika: haijathibitishwa.

Juu kabisa ya bango, kwa kijani: NYUMBA ZA BEI NAFUU.
Mize hasomi haraka, huzifuata herufi kwa kidole hewani.
"Nafuu," akasema. "Neno hili la wagonjwa, Pandu.
Mtu kazidiwa jana, leo kanywa uji vijiko viwili,
twasema kapata nafuu.
Hatusemi kapona.
Mwenye nafuu humwachi peke yake usiku."

Tangu siku ile brashi ina uzito.

Sibezi. Nafuu nimeiona kwa macho.
Nilimwona Ussi Vuai, miaka thelathini chini ya bati linalotoka jasho,
anafungua mfereji wa jikoni kwake, maji yanatoka.
Akaufunga. Akaufungua. Akaufunga.
Akamwita mkewe aje afungue yeye.
Namwona Bi Kazija, ghorofa ya tatu, hana baraza,
katandika jamvi kwenye kituo cha ngazi;
apandaye na ashukaye lazima amwamkie,
jengo zima limepata adabu.
Hao wamo ndani ya namba yangu.
Nikikunja shingo ya mbili,
ni Ussi kainamia mfereji.

Lakini mia sita ukitoa waliomo,
waliobaki hawana mahali kwenye bango.
Hawakupimiwa nafasi wala kununuliwa rangi.
Wanalala sita chumba kimoja, mlango pazia,
wengine kwa zamu,
mmoja wao kwangu, ndiye mimi,
mwenye brashi, wa mia tatu na mbili daftarini.

Leo nimeambiwa: mia mbili na thelathini.
Mize kanishikia ngazi.
"Taratibu, isichuruzike."
Nimemaliza, rangi imebaki kidogo kwenye kopo.
Nikaihamisha ngazi nyuma ya bango,
upande wanaouona mbuzi
na wanaorudi kazini jioni,
nikaandika: BADO, mia tatu na sabini.
Herufi zangu mbaya. Bado imelala upande.

Mize akaifuata kwa kidole, polepole, mpaka sifuri.
"Na hii utakuja kuibadilisha?"
"Ikipungua."
Akaikamata ngazi kwa mikono miwili yenye unga,
nikashuka.