Hamira

Kioo nilikitoa kwenye dirisha la studio ya picha
iliyofungwa Barabara ya Iganga;
bado kina herufi nyekundu: PASIPOTI DAKIKA TANO.
Sikuzikwangua. Samaki nao wasome.

Chini udongo wa mfinyanzi, juu yake mchanga
niliouchekecha kwa chandarua kuukuu
na kuuosha mara tisa, mpaka maji yakachoka kuchafuka.
Kagoya akauliza: mama, tunapika nini?

Masese wavuvi walinicheka.
Majani yanayonasa nyavu zao, wanayoyalaani kila alfajiri,
mimi nimekuja na ndoo kuyaomba.
Wakanijazia. Wakaniongeza nkejje watano, wadogo kama kucha,
ambao hata paka wao hawataki.
Nyumbani nikayaloweka majani kwa shabu,
nikawatoa konokono mmoja mmoja:
kichocho nakijua, nimekifulia mashuka.

Wiki ya pili majani yakawa rangi ya chai.
Mwanga yalikuwa nao, udongo yalikuwa nao.
Kumbe mmea uliozama una njaa
ya ile pumzi tunayoitupa sisi.

Basi: chupa ya soda, lita mbili.
Sukari ya Kakira, vikombe viwili
(Okiru wa mlango wa pili akashika kichwa:
sukari kwa nyasi, na chai yangu haina hata punje!)
Maji vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto.
Hamira robo kijiko. Magadi kidogo, kuituliza hasira.
Kifuniko nikakitoboa kwa msumari wa moto,
nikapitisha mrija wa dripu, uliopitwa na tarehe,
zahanati walikuwa wanautupa;
mwisho wake nikachomeka kijiti cha mwanzi.

Dakika arobaini, kimya.
Kagoya akalala na viatu.

Kisha kiputo kimoja.
Kikasita kwenye ncha ya mwanzi, kikapanda.

Kazini nahesabu matone yanayoshuka.
Hapa nilikaa sakafuni nikihesabu yanayopanda,
na nikausikia mtungi wa mama, Soroti, mtungi wa malwa,
ukinong'ona usiku kucha chini ya kitambaa,
nasi watoto tukiamini kuna mtu ndani.
Msiuchungulie, alisema mama. Unafikiri.

Usiku wa kwanza nusura niwaue.
Umeme ulikatika saa nne,
bwawa liko pale pale, tunalisikia likinguruma,
lakini lenyewe halijasikia habari zetu.
Gizani majani hayali. Chupa haikujua;
hamira haina swichi.
Tochi ikanionyesha nkejje watano wima juu ya maji,
midomo wazi, kama wanaoombewa.
Nikauchomoa mrija. Nikachota maji kwa kikombe,
nikayamimina kutoka juu, nikachota, nikamimina,
hadi mwadhini wa Walukuba akanikuta bado nachota.

Hawakufa. Sijui kwa nini naandika hivyo kama sifa.

Siku ya kumi na moja, saa saba mchana,
jani moja refu lilivaa shanga.
Kisha la pili. Kisha kichaka kizima,
punje za hewa safi zilizotoka mle mle majanini,
zikining'inia, zikiachia, zikipanda.
Nilimwita Okiru. Alisimama muda mrefu,
kofia mkononi.
Akasema, watakuwa wakubwa lini tuwakaange?

Wiki ya tatu chupa ilinyamaza.
Ndivyo ilivyo hamira: hula utamu, hutoa kileo,
kileo kikijaa huizamisha iliyokitengeneza.
Nimewajua watu wa hivyo.
Mmoja nilizaa naye Kagoya.

Nikamwaga uani. Okiru akainusa ardhi, akashusha pumzi.
Nikasuuza. Maji vuguvugu tena, vikombe viwili tena.
Sasa Kagoya ndiye anayepima hamira, kwa ncha ya kisu,
ulimi nje, halafu anabandika jicho kwenye chupa.
Iache, namwambia, inafikiri.
Inafikiri nini?

Sijajibu. Natazama ncha ya mwanzi.