Siku ya Nne

Maji huja Tegusigalpa kwa zamu;
mtaani kwetu, kila siku ya tisa, usiku wa manane.
Nohelia huamka akajaza pipa,
ndoo, sufuria, hata beseni la kuogea mtoto.
Tone halimwagiki.

Ndani ya pipa viluwiluwi hujikunja, hujikunjua.
Wilmer, miaka sita, aliwapa majina.

Kisha homa. Macho yauma kwa nyuma,
mifupa, asema, imejaa mawe.
Kidingapopo, wakaandika kwenye faili.
Wodini watoto watatu kitanda kimoja,
mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni pa yule.

Siku ya nne homa ikashuka.
Nohelia akampigia mama yake simu, akicheka:
amepoa, mama, amepoa!

Muuguzi, jina lake Dunia, hakucheka.
Alibonyeza ukucha wa Wilmer, akauachia,
akahesabu damu inavyochelewa kurudi.
"Sasa ndipo tukeshe."

Wakakesha.
Dripu: tone. Tone.

Alfajiri mtoto akaomba maji.
Nohelia akamnywesha kwa kijiko,
ndipo akakumbuka: usiku wa jana ulikuwa wa tisa,
jirani kamjazia pipa,
na pipa halina mfuniko.