Burashi Tatu za Amana

Kurbanali wa Mkunazini hakutaja bei kwanza.
Aliniuliza: "Bakuli mnalo?"
Nikamwambia hatuna. Povu tunalipigia usoni penyewe:
sabuni ya kijiti juu ya ndevu, kisha maji, kisha burashi.
Akairudisha kabatini ile ya singa ndefu nyeupe
niliyokwisha kuipenda.
"Hii ya bakuli. Usoni italala tu
kama mgeni aliyeshiba."

Ya nguruwe nilimkataza hata kuigusa.
Akanifungia tatu za nyegere kwenye gazeti:
maji ruhusa, sabuni hapana,
mbili zirudi na meli ya Jumamosi.

Wete, Utaani. Baba amekaa ukumbini
na taulo la buluu shingoni.
Miaka arubaini aliandika mabango ya maduka,
herufi zenye kiuno, vivuli vyekundu.
Sokoni limebaki moja, HAKUNA MKOPO LEO;
mvua imeshaila HAKUNA,
na mwenye duka hataki kulipia neno moja.

Mfunguo Nne kilimshika kiharusi.
Tangu hapo uso wake ni nyumba mbili:
kushoto wanakaa watu,
kulia pamefungwa.

Nikatega kiganja changu kiwe ukuta.
Akaishika ya kwanza kwa mkono wake mzima,
akaichovya, akaibonyeza.
"Ya chokaa hii," akasema kwa nusu ya mdomo.
Kweli, ilinichoma mpaka kwenye mstari wa umri.

Ya pili ilikuwa laini, laini kupita kiasi,
singa zake zikatawanyika kama nywele za mtoto wa arubaini.
Mimi ningeichukua hiyo.
Baba akacheka puani.
"Haina mgongo. Alifu italala, iwe be."

Ya tatu fupi, mpini mnene,
ncha nyeupe, mshipi mweusi, shina la kijivu,
fundo limebana kama ngumi ya mtoto.
Akaibonyeza. Ikafunguka, ikagoma, ikarudi.
Akaibonyeza tena. Hakusema kitu.
Akaivuta kiganjani mwangu kutoka juu kwenda chini,
halafu pembeni, halafu chini tena.
Ilikuwa H, nadhani. Au mistari tu.
Ilikauka kabla sijaisoma.

Mama akauliza kutoka jikoni:
"Mnyama gani huyo?"
"Nyegere."
"Yule mla asali, anayenuka?"
"Binamu yake, wa nchi za baridi."
"Analiwa?"
Tukanyamaza, mimi na baba, kama wezi wa maembe.
"Na kachinjwa na nani?"
Hakungoja jibu. Alikuja na nyundo na msumari,
akaupiga peke yake ukutani,
mbali na miswaki, mbali zaidi na tasbihi,
na tangu siku hiyo, wembe ukishapita,
anammiminia baba makopo saba ya maji usoni
akihesabu kwa sauti.
La tano huwa analirudia, hajiamini.

Mbili zilirudi Jumamosi. Kurbanali alizinusa moja moja,
akazipangusa kwa shati lake, akanisamehe nauli ya gazeti.

Sasa ni kazi yangu kila Jumanne na Ijumaa.
Upande wa kushoto ni mwepesi: naizungusha burashi,
naye ananitegea shavu, anavuta mdomo,
ananionyesha kwa jicho pale nilipopasahau, chini ya taya.
Povu linakuja zito, jeupe, kama tui la kwanza.

Upande wa kulia nakaa zaidi.
Hapo ndipo nilipojua kwa nini aliitaka hii:
ngozi imelegea, haisukumi,
lazima burashi isukume kwa niaba ya wote wawili.
Nazungusha, nazungusha, kama anayebisha hodi
mlangoni asipojua kama wenyewe wamehama
au wamelala tu.

Jumanne iliyopita, karibu na sikio, pale pale pa ganzi,
baba akafumbua jicho.
"Punguza maji," akasema.

Sijui kama alihisi,
au aliliona tone likishuka kwenye taulo.
Nilipunguza.