Nyota Nyekundu

Ufunguo wa kabati la mafaili
niliufundika kwenye pindo la kitenge
miaka kumi na tisa, ofisini hapa Bomambuzi.
Panya tu ndio walioingia bila hodi.

Kisha ukaja mfumo wa kampuni.
Kijana wa fulana ya bluu akatufundisha siku mbili,
chai na chapati juu yao.
Niliingiza mimi, kwa vidole viwili:
jina, kata, simu ya mlezi,
na kile kisanduku chenye nyota nyekundu
kisichokubali kuachwa wazi.
*Dawa anazotumia.*
Nikamjazia Ndekirwa wa darasa la sita
neno ambalo bibi yake alininong'oneza
mdomo kaufunika kwa ncha ya mtandio.

Jumanne bibi akapigiwa simu sokoni Kiboriloni.
Sauti ya kiume, ya upole,
inajua jina, mkondo, hata saa ya kidonge:
"Elfu themanini, mama, ama wenzake wataambiwa."
Mikungu yote aliiuza bei ya kutupa.
Alipofika kwangu hakupiga kelele.
"Karani, mimi nilikuambia wewe."

Kampuni imeandika barua. Inasikitika.
Tubadilishe nywila.
Nimebadilisha: herufi kubwa, namba, alama ya mshangao.
Damu ya mtoto niibadilishe kwa alama gani?

Saa nne. Kengele.
Ndekirwa anapita dirishani na chupa yake ya maji,
ananipungia kama jana.
Mkono wangu
unachelewa kunyanyuka.