Jiwe la Tatu

Nimeajiriwa kuchekecha mchanga.
Elfu kumi na mbili kwa siku, na chai ya saa nne,
hapa Ngomeni, nyuma ya mikarafuu ya marehemu Faki,
tulipokatazwa utotoni kuchuma hata zambarau.
Sasa pamegawiwa kwa kamba na vigingi,
miraba miraba, kama kashata.

Bi Zuwena hushuka shimoni mwenyewe,
kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali.
Ausugua ukuta kwa brashi ya rangi
taratibu, kama anayemwosha mgonjwa mgongo.
"Unene dhiraa tatu," asema.
"Hawa waliogopa kitu."

Enzi za usomi wake alichimba mbali,
kwenye miji ya Israeli ya kale.
Huko, asema, kilima si kilima:
ni mji uliokalia mji uliokalia mji.
Na Hazori ukuta ulikuwa kuta mbili,
katikati vyumba.
Siku za amani watu walilala humo,
wakapika, wakapanga mitungi ya mafuta.
Vita vikinukia,
vyumba hujazwa kifusi hadi darini,
nyumba ikawa ngao.

Shaame akauliza, kikombe mkononi:
"Na mwenye chumba, alilipwa?"
Tukacheka.
Bi Zuwena akatazama chini.
Hilo, alisema, hatujalikuta popote.

Mimi chekeche langu halisemi ya wafalme.
Huniachia ushanga mmoja, mwiba wa changu,
kigae chenye masizi.
Masizi, jamani!
Nilikigusa, kidole kikatoka cheusi,
nikajua kuna siku mtu aliunguza mtama
akagombwa.

Jana tulifika penye pengo.
Hatua arubaini hakuna ukuta, msingi tu.
Bi Zuwena akapiga magoti, akapekua:
hakuna jivu, hakuna risasi, hakuna ncha ya mshale.
"Yeriko tunaambiwa ziliuangusha baragumu," akasema.
"Huu wetu umeondoka kimya kimya.
Adui hakupita hapa."
Shaame akaanza kuhesabu vidole vya miguu yake.
Mzee Kombo akakumbuka kuwa ana mbuzi wa kufunga.
Hapana aliyetaja choo cha skuli,
wala ngazi za msikiti,
wala kile kisima ambacho sote
twakisifu kwa uimara.

Nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni kwangu.
Mafiga matatu: mawili ya udongo, niliyafinyanga mimi.
La tatu babu alilibeba begani mwaka wa njaa,
akasema limeokotwa.
Nikaliinua, nikalisugua kwa jivu na kumbi.
Chini ya weusi, uso mmoja umenyooka,
lipu ingalipo, na katika lipu
vidole vinne vya fundi, vilivyoteleza
kabla chokaa haijakauka.
Nikaweka vyangu. Vyake vinene.
Pembe iliyoelekea motoni imekuwa laini,
yapukutika ukiishika:
miaka hamsini nalichoma bila kujua,
nalirudisha chokaa kidogo kidogo,
mlo baada ya mlo.

Basi adui ni mimi,
na sufuria yangu ndilo jeshi.

Kesho nitalipeleka. Nitalivika kanga nilipakate,
walipe namba, waliandike daftarini,
na wakiniuliza lilikuwa mraba gani
nitasema: wa kwangu.

Leo acha.
Maharage hayajaiva,
na chungu hakisimami
kwa mawili.